Nafuu ya Ushuru Ilikwenda Wapi

Ushuru wa mazao ulipopunguzwa kwa majaribio ya mwaka mmoja, Silantoi alituajiri watu wawili, mimi na Elifuraha, tumchambulie vitunguu kwenye banda lake pale Levolosi, mjini Arusha. Kabla ya hapo alichambua mwenyewe miaka kumi na tisa, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Ni mjane wa Kiarusha, mrefu, na sauti yake haijui kunong'ona. Sokoni tunamwita Mama Yiamat, kwa jina la binti yake.

Mwaka ulipokaribia kwisha, tukasikia kamati ya halmashauri inakuja kuwauliza wafanyabiashara kama punguzo liendelee. Fanuel, mwenyekiti wa wanunuzi wa vitunguu, akafika bandani siku moja kabla ya kikao.

"Mama Yiamat, kesho utatusemea wewe. Una wafanyakazi wapya, kila mtu anawaona. Waambie tu kwamba ushuru ukishuka biashara inakua, mpaka mkulima anafaidika."

"Mkulima yupi?"

"Mama, usianze."

"Nauliza, mkulima yupi? Bei ya gunia kule Nduruma mliipandisha lini?"

Fanuel akatuonyesha mimi na Elifuraha kwa kidole. "Ushuru ukirudi ulivyokuwa, hawa utawafukuza. Fikiria hilo."

"Nitasema ninachokijua," Silantoi akajibu, akaendelea kufunga gunia.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mmoja Njiro. Alinichukua niende naye. Alipoitwa alisimama na kunishika bega.

"Ushuru uliposhuka niliajiri watu wawili. Huyu hapa mmoja wao, mtazameni. Hilo ni kweli na silikani. Lakini sisi wanunuzi tuko ishirini na watatu. Waulizeni wenzangu wameajiri nani." Viti vikalia huku na kule. "Mkulima bado anauza kwa bei ileile. Na kalavati la Nduruma lilisombwa na mvua, mkasema fedha hakuna kwa sababu ushuru umepungua. Sasa lori linazunguka mbali, na mafuta ya kuzunguka yamekula nusu ya nafuu yangu."

Mjumbe mmoja akamkatiza. "Kwa hiyo mama unataka ushuru upandishwe?"

"Sijasema hivyo. Nimelipa ule mkubwa miaka kumi na tisa, na barabara ilikuwa mbovu vilevile. Msiniambie kila shilingi mnayochukua inajenga. Na hawa wenzangu wasiwaambie kwamba kila shilingi mnayotuachia inaajiri. Ninachotaka, mkulima naye aitwe aulizwe. Mmetuita sisi tu tulioshiba."

Nyuma yetu mtu akaguna kwa hasira. Silantoi aligeuka, akamtazama mpaka yule mtu akainamisha kichwa, ndipo akakaa.

Kesho yake lori ambalo wanunuzi hukodi kwa pamoja liliondoka bila yeye. Dereva alisema ameagizwa asimpakie. Elifuraha alilia, maana tuliona kazi imekwisha. Silantoi alivaa raba, akaniambia nimfuate, tukaenda Nduruma hadi kwa mzee Lemburis, ambaye shamba lake liko jirani na lile kalavati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo bila gari?"

"Wamenishusha. Lakini kile ambacho geti la ushuru halinitozi tena, leo nakiweka juu ya bei yako. Shida ni kuvuka hapa."

"Punda ninao," mzee akasema.

Tulivusha magunia kwa punda, mawili mawili, hadi ng'ambo ambako pikipiki za mizigo zilisubiri. Faida ilikuwa nyembamba. Wiki ya pili walikuja wakulima wanne wakitaka bei ya Lemburis, na ya tatu walikuwa wengi kuliko tulivyoweza kununua. Lori la kina Fanuel likawa linarudi mjini nusu tupu.

Mwezi haukuisha wanunuzi wote wakapandisha bei. Kamati nayo ikaongeza mwaka mwingine wa punguzo, na juu ya kalavati haikutamka lolote.

Fanuel alikuja tena bandani, safari hii amevua kofia. "Mama Yiamat, nafasi yako kwenye lori ipo. Yaliyopita tuyaache."

"Nafasi naitaka, ni haki yangu, nilikuwa nailipia. Lakini kamati ikirudi, naenda na mzee Lemburis. Na nitauliza tena kuhusu kalavati."

"Watakuchoka."

"Wachoke."

Fanuel akavaa kofia yake, akaenda zake. Silantoi akatugeukia, akatuambia tusimame wima kidogo tupumzishe migongo, halafu tumalizie yale magunia sita.