Povu la Kituo cha Nne

Darasa la baiolojia lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, na ni mmoja tu aliyekuja chuoni na sindano zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Wenzake, ambao angeweza kuwabeba mgongoni, walimwita Mama Povu.

Jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Mwaka uliopita, kwenye mtihani wa vitendo, alichungulia hadubini akaona duara safi lenye ukingo mweusi mnene, akalichora kwa mapenzi yote ya mtu anayejua kukunja pindo. Pembeni akaandika "seli". Katikati akaongeza kiini, maana kitabuni kilikuwapo. Mwalimu alirudisha karatasi ikiwa na neno moja la wino mwekundu: "Povu." Bibi wa watu alikuwa amechora hewa iliyonaswa chini ya kioo, na kiini akaipa zawadi! Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani. Akaanguka mtihani, na chuo kile, pamoja na udogo wake, hakikuwa na mchezo: kurudia ni mara moja. Ukianguka tena, kwaheri ya kuonana.

Na cherehani hakuwa na ugomvi, ndiyo iliyomlisha. Lakini tangu utotoni alikuwa mtu wa kupasua maua aone ndani kuna nini, na alikuwa amengoja miaka kumi na minane kupata mahali ambapo kupasua maua si utundu. Hakutaka kufukuzwa hapo kwa ajili ya povu.

Mama yake, aliyebaki na watoto, aliwaambia majirani binti yake anasomea udaktari.

"Mama, ni baiolojia."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Anza na vyura, kwa watu utafika tu."

Mwaka mzima akabaki maabara baada ya vipindi. Tone la maji, utando wa kitunguu, kisha kioo akakishusha polepole kwa sindano yake mwenyewe, upande mmoja kwanza, hewa itoke. Akalijua povu kama anavyojua mshono wake.

Siku ya mtihani kulikuwa na vituo kumi na kimoja, dakika tano kila kimoja, kengele ikilia mnahama. Yeye alianzia cha tano, kwa hiyo cha nne kikawa cha mwisho. Maagizo yalisema: "Chora seli iliyo kwenye ncha ya mshale. Usiguse slaidi." Akainama. Kwenye ncha ya mshale palikuwa na duara safi lenye ukingo mweusi mnene.

Moyo ulimpasuka paa! Kuuliza ni marufuku. Seli ya kitunguu aliijua kwa moyo, angeweza kuichora amefumba macho, na nani angejua? Halafu haya macho yake si ndiyo yaliyomwangusha mwaka jana? Akachungulia tena, na tena. Kengele ikikaribia akachora duara, akaandika: "Povu la hewa. Seli haionekani."

Nje wenzake walikuwa wakishangilia. "Cha nne cha bure kabisa! Seli ya kitunguu!" Wote kumi. Mama Povu akaaga kwamba kichwa kinamuuma, na kweli kilimuuma. Siku tatu alishona kama kipofu. Gauni moja alilishonea mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Siku ya nne mwalimu akamwita ofisini. Karatasi yake ilikuwa mezani, imegeuzwa.

"Mama, seli ya kitunguu unaijua?"

"Naijua, mwalimu."

"Sasa mbona hukuichora?"

"Haikuwapo, mwalimu."

Mwalimu akavua miwani. "Kweli haikuwapo. Mimi nina desturi, kabla ya kuzima taa napita kuchungulia kila kituo. Taa ya cha nne iliwaka asubuhi nzima, maji yakakauka, hewa ikaingia. Wenzako waliikuta seli. Wewe ulikuwa wa mwisho, ukakuta povu. Ungenichorea seli, ningejua umechora kitabu." Akaigeuza karatasi. "Umefaulu, mama."

Alikaa kitini bila kukaribishwa. Akacheka, machozi yakamtoka, akacheka tena, na hakuona haya hata kidogo. Pumzi aliyoibana mwaka mzima ilishuka yote pale pale.

Nyumbani mama yake aliinyakua ile karatasi mlangoni, akaikodolea macho. Kwenye kituo cha nne palikuwa na neno lile lile, kwa wino ule ule mwekundu.

"Yarabi! Povu tena?"

"Tazama vizuri, mama. Mbele yake kuna vema."