Mlango Niliomfungia Koko

Wanangu, kuna siku moja haijawahi kunitoka. Mlikuwa wachanga, tukiishi mtaa wa Beechmont kabla ya kuhamia mji wa Buffalo. Sijazeeka kiasi cha kutoa nasaha, lakini mapacha humzeesha mtu haraka.

Siku hiyo mchungaji alikuwa anakuja kuwaombea. Koko, bibi yangu aliyenilea, alitaka kuwachezea ngoma kama mapacha wanavyochezewa kwetu Kongo: nyimbo za kuwatukana wazazi, na kila zawadi itolewe mbili mbili. Naye Furaha, mdogo wangu, alifika kutoka Columbus na mawe ya rangi na majani ya kufukiza, eti asafishe nyumba.

Mnanijua: nataka kila kitu kinyooke, na nisilolijua nalisoma kwenye simu hadi macho yaume. Niliogopa mchungaji akisikia zile nyimbo atakataa kuwaombea. Basi nikamsihi Koko akae chumbani, nikafunga mlango.

Furaha akawasha majani yake. Moshi ukamtoa Koko.

“Hayo ni majani ya nani?”

“Ya wenyeji wa asili wa nchi hii, Koko.”

“Walikupa?”

“Nilinunua mtandaoni.”

“Donc, yaani unasali na vitu vya watu haujawahi kusalimia!”

Furaha akacheka, akayazima kwenye sinki. Koko akanigeukia. “Na wewe, unanificha kama nimeiba? Si mimi niliyekupeleka ubatizwe? Yesu ananijua na nyimbo zangu.”

Mchungaji alikuwa amekwisha kufika mlangoni, amesikia yote. Nilitamani ardhi inimeze.

“Mama,” akamwambia Koko, “mimi nitaomba. Hiyo ngoma siingii.”

“Bon, sawa, omba. Nitaitikia amina. Kisha wewe utakula, mimi nitacheza.”

Aliomba, na amina ya Koko ikazidi zetu zote. Kisha Koko akaimba upana wa pua ya baba yenu, mchungaji akitazama dirishani. Mchungaji alipochukua yai moja mezani, Koko akamwekea la pili. “Ya mapacha hayachukuliwi moja.”

Mchungaji akayamenya. Akala yote mawili.

Wanangu, mtakutana na wengi wenye njia zao. Kabla hamjashika kitu cha ibada, ulizeni ni cha nani. Msikotaka kuingia, semeni waziwazi kama yule mchungaji, halafu kaeni mle chakula pamoja nao. Ila msimfungie mtu wenu mlango ili mgeni apendezwe. Huenda ndiye aliyewafundisha kusali.

Mungu awape wa kuwaombea na wa kuwatukana kwa wimbo, wote meza moja, kila mmoja na mayai yake mawili.