Jezi Zilizopikwa Hotelini

Nilisimama katikati ya ukumbi wa hoteli, hapa Diani, mtoto mgongoni, nikasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara: "Muongo!"

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Bango lilisema hafla ni ya kuwashukuru makocha wasaidizi na watumishi wa timu ya taifa ambao hakuna anayewasifu. Mume wangu ni mmoja wao. Yeye ni mtunza vifaa, yaani mtu wa jezi, soksi, njumu na mipira. Cheti cha kwanza alipewa mkuu wa msafara. Cha pili, naibu wake. Cha tatu, mke wa naibu, kwa "uvumilivu wake." Uvumilivu wa nini, sijui. Kila nilipomwona kambini alikuwa kando ya bwawa la kuogelea, juisi mkononi. Kocha wa makipa alikuwa amekalishwa nyuma, karibu na vyoo. Mchuaji wa timu, mzee wa Msambweni, alikuwa akigawa maji. Mume wangu alisimama mlangoni akishika jezi za kupigia picha.

Hayo yote niliyavumilia. Kisha mkuu wa msafara akashika kipaza sauti, akasema huku akicheka, "Na yule bingwa wetu aliyepika jezi, leo tunamsitiri. Hatumtaji."

Watu wakageuka kutazama mlangoni. Ukumbi ukacheka. Na mume wangu, huyo huyo anayechekwa, akacheka nao. Hapo ndipo niliposimama.

Sasa nieleze hizo jezi zilipikwa na nani.

Timu ilipiga kambi Diani kujiandaa na mechi ya kirafiki, halafu safari ya mashindano. Mume wangu alikuwa akifua jezi kwa mkono nyuma ya jiko la hoteli, nami nilikwenda kumsaidia. Maji ya bomba pale yana chumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho alitumia maji ya mvua. Alizigeuza ndani nje, akazianika kivulini. Namba za jezi zile hubandikwa kwa joto, na kilichobandikwa kwa joto hubanduka kwa joto. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa hilo.

Hao wa vyeti hawajui chochote. Hawajui kwamba winga wetu mguu mmoja ni mkubwa kuliko wa pili, na mume wangu humchanganyia njumu za saizi mbili. Kuna beki anaona haya kusema amenenepa. Mume wangu humpa jezi kubwa zaidi, lebo ameshaikata. Kocha wa makipa ana daftari la shule alimoandika kila mpiga penalti wa upinzani hupenda upande gani. Kipa akiokoa, kamera zinamfuata kipa. Yule mzee wa Msambweni huchua miguu ya wachezaji mpaka vidole vyake vinakakamaa, kisha anaomba afunguliwe chupa ya maji. Timu ni hao. Waliobaki ni matumbo na miwani ya jua.

Siku moja kabla ya mechi, mkuu wa msafara alipita nyuma ya jiko, akaona kamba zetu.

"Hii nini? Jezi za taifa mmezitundika kama mnauza mitumba?"

"Shikamoo, mzee," mume wangu akasema. "Zinataka kivuli. Joto litaharibu namba."

"Unanifundisha? Hoteli ina mashine ya kukaushia. Zipelekwe. Wageni wasione aibu hii."

Mimi nikadakia, "Mzee, zitabanduka."

Alinitazama kama aliyesemeshwa na kapu. "Mama, nyonyesha mtoto."

Akaita dobi wa hoteli, akatia sahihi mwenyewe kwenye karatasi yao, kwa mbwembwe, jezi zikaenda.

Zilirudi zimekaangwa. Saba imejikunja kama ganda la ndizi, tisa imegandana na mgongo wa jezi nyingine. Seti ya pili haikuwapo. Asubuhi nzima ya siku ya mechi tulikuwa chini, mimi na mume wangu, mkasi na gundi ya utepe, tukibandika namba moja moja. Kiungo mmoja aliingia uwanjani na namba kumi na nne, akatoka na namba moja. Ile nne ilibaki kwenye nyasi, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Wiki iliyofuata mume wangu alipewa barua: uzembe wa mtunza vifaa. Orodha ya safari ilipotoka, jina lake halikuwamo. Nafasi amepewa mpwa wa naibu, ambaye hata pampu ya mpira huishika kichwa chini.

"Na barua umetia sahihi?" nilimuuliza.

"Mzee alisema ni utaratibu tu. Ningemkatalia vipi mbele ya watu?"

Basi siku ya hafla, tuliporudi nyumbani Munje, alisukuma kando chai niliyommiminia. "Umenivunjia heshima," akasema. Nilichukua daftari lake la vifaa nitafute tarehe jezi zilipopelekwa kwa dobi, na kutoka ndani yake ikadondoka karatasi ya dobi. Nakala ya mteja. Ilikuwa imerudi siku ile ndani ya mfuko wa jezi, na sahihi ya mkuu wa msafara imejaa nusu ukurasa.

"Ulikuwa nayo siku zote hizi?"

"Yule ni mtu mzima, mama watoto. Nilimsitiri."

"Naye amekusitiri? Si umesikia leo alivyokusitiri kwa kipaza sauti?"

Aliichukua ile karatasi, akaisoma sahihi. Kisha akasema, polepole, "Kalamu imo kwenye mkoba."

Kesho yake tulikwenda ofisi ya chama cha soka. Karani aliniuliza mimi ni nani katika timu.

"Mke wa mtunza vifaa."

"Basi aje mwenyewe."

"Yuko nje, amempakata mtoto. Akiingia atakuamkia, atakuomba radhi kwa kukusumbua, nawe utamrudisha nyumbani vile vile. Pokea hii, bwana, na ugonge muhuri nikiona."

Aligonga. Nilichoandika ni hiki:

"Nalalamika rasmi dhidi ya mkuu wa msafara. Aliamuru jezi zikaushwe kwa mashine baada ya kuonywa na mume wangu, kisha na mimi. Nimeambatisha nakala ya karatasi ya dobi yenye sahihi yake. Yenyewe ninayo, na siiachi kwenu. Naomba barua ya uzembe ifutwe kwa barua nyingine, isomwe mbele ya wachezaji wote, na mume wangu arudishwe kwenye orodha kabla timu haijasafiri. Cheti hatukitaki. Nijibuni kwa maandishi."