Mayai Hayakuvunjika Mteremkoni

Nyinyi tuliokula vumbi pamoja mnakumbuka: enzi zetu basi la kutoka Kanja kwenda Embu mjini lilikuwa moja tu, na lilisikika likiwa bado ng'ambo ya bonde. Tukilisikia tuliacha mpira wetu wa matambara tukakimbilia barabarani. Hatukwenda kuona basi, tulikwenda kumwona dereva. Kwetu sisi watoto, Baba Wawira alikuwa juu ya mwalimu mkuu na chini kidogo tu ya mchungaji.

Sifa yake ilikuwa mayai. Siku ya soko akina mama walimkabidhi vikapu vya mayai yaliyofukiwa ndani ya maganda ya maharagwe, naye akavipanga mwenyewe kando ya kiti chake. Barabara ilikuwa udongo mwekundu na mashimo, lakini mayai yalifika mazima. Abiria aliyemhimiza aongeze mwendo aliambiwa, "Ongea na mayai kwanza." Nasi nyumbani tulipanga viti, mfuniko wa sufuria ukawa usukani, na mimi, msichana, nikapigana na wavulana ili niwe Baba Wawira.

Mvua ilikuwa na desturi yake. Juu ya mteremko wa mto basi lilisimama, abiria wote wakashuka, hata chifu, wakatembea hadi darajani viatu mkononi. Dereva aliteremsha basi tupu. "Chuma kitanunuliwa kingine," alisema. Vijana wa leo wangetoa simu wampige picha wakidai nauli yao. Sisi tuliimba nyimbo za kanisa tukiteleza, na tulifurahi sana.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya masika. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga wa kijiji akasema hii sasa ni ya hospitali. Cucu, yaani nyanya yetu, alimpakia kwenye basi, nami nikabebeshwa kikapu cha nguo. Tulipofika juu ya mteremko watu walianza kushuka kama kawaida. Mama hakusimama.

"Baba Wawira, huyu hawezi shuka," Cucu alisema. "Na tukikaa hapa tutawapoteza wote wawili."

Dereva alitazama ule utelezi kwa muda, kisha akamtazama mama. Akainua kikapu cha mayai kando yake akamrudishia mwanamke mwenye mayai. "Leo mayai yatembee. Mimi nimebeba kitu ingine."

Hakuna aliyeambiwa la kufanya. Wanaume waliingia shambani, wakakata migomba, wakatandika majani kwenye njia ya magurudumu. Utingo alitembea nyuma na jiwe lake, tayari kulisukuma chini ya gurudumu. Cucu alibaki ndani na mama; sisi wengine tulitangulia darajani, na hakuna aliyeimba.

Niliona basi likija. Lilikuwa kwenye gia ya kwanza, injini ikinguruma kwa sauti moja, haipandi wala haishuki. Lilisogea taratibu hata nikadhani limesimama. Pale kwenye kona sehemu ya nyuma iliteleza kuelekea bondeni, wanawake wakapiga kelele, nami nikafumba macho. Nilipoyafungua lilikuwa limenyooka, na midomo ya Baba Wawira ilikuwa inacheza. Nilifikiri anaomba. Kumbe, Cucu alitueleza baadaye, alikuwa anamsimulia mama habari za ng'ombe wake aliyekataa kukamwa na mtu mwingine isipokuwa mke wake, na mama, katikati ya uchungu ule, alicheka.

Ndugu yangu Nyaga alizaliwa hospitalini jioni hiyo, mzima, na mama akaishi kumlea.

Siku hizi kuna lami hadi karibu na mlango wetu, na mabasi yana viti laini na redio. Juzi mimi na Nyaga tulipanda moja kwenda mjini. Mteremko ule ule tuliuruka kama swala. Na bado Nyaga, mzee mzima mwenye kipara, akapiga kelele, "Dereva, kanyaga mafuta, tumechelewa!"

Nikainuka nikashika kiti. "Dereva, polepole. Kuna yai hapa."

Kijana akageuza kichwa kidogo. "Liko wapi, mathe?"

Nikaweka mkono juu ya kile kipara.