Marehemu Niliyemwacha Akitafuta Miwani

Mume wangu ni Tuliahapo, mwana wa fundi saa aliyeifanya saa ya stesheni iseme kweli, mjukuu wa mhunzi ambaye bawaba zake bado zinashika milango ya watu. Yeye alifanya kazi studio ya picha, na jina alilipata kwa kuwakemea wateja: “Tulia hapo!”

Studio ile ilikuwa na nyumba ya uongo: ukuta wa mbao, dirisha lisilotazama popote, redio isiyo na matumbo, sufuria isiyojua moto. Watu walikwenda kupigwa picha wakijifanya wako kwao, huyu anapakua, yule anasoma gazeti. Nilijua mume wangu anashika taa. Zaidi ya hapo sikuambiwa, na mimi si mtu wa kuchungulia kazi za watu.

Juzi nimekwenda kwa fundi cherehani kupima gauni. Ukutani pana picha mpya ya fremu, pana kama meza. Kuinua macho, namwona nani? Mume wangu! Kakaa mezani, kitoto cha kike gotini, na fundi cherehani mwenyewe, ujanani mwake, anampakulia. Nikajiambia, duniani wawili wawili. Lakini kifungo cha shati kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na uzi ule niliutia mimi, mweupe uliponiishia.

“Huyo ni baba,” akasema binti wa fundi, anayeolewa karibuni. “Picha nimeikuza, nitaiweka kiti cha mbele siku ya harusi. Alifariki nikiwa mdogo.”

“Alifariki?” Nikainyooshea picha kidole. “Marehemu nimemwacha asubuhi anatafuta miwani iliyo kichwani kwake! Huyu mume wangu!”

Fundi akadondosha pini zote.

“Mama?” binti akamgeukia. Mama akainama kuokota pini.

Nilifika nyumbani na gauni halijaisha, pini zikinichoma mbavu.

“Wewe baba wa nani, wewe?”

Nikamsimulia. Akakaa chini.

“Mama watoto, nilikaa tu. Mwanamke kaja na mtoto, mume hana. Mpiga picha akasema, kaa wewe.”

“Na sisi? Albamu yetu nzima haina sura yako!”

“Nilikuwa nashika taa.”

Jibu hilo lilinipiga kuliko ile picha. Nikamkokota hadi kwa fundi.

Binti alimtazama yeye, akatazama ukuta, akamrudia tena. Mzee wangu akavua kofia.

“Mwanangu, goti lilikuwa langu. Mengine yote mbao.”

“Na baba yangu wa kweli?”

“Alikufa hujaanza kutambaa,” mama yake akasema. “Hakuacha hata picha ya kitambulisho. Ulikuwa unalia, wenzako wana baba. Ningekupa nini?”

Binti aliitungua picha, akasimama nayo kama mtu aliyebeba mlango usio na nyumba. “Sasa kiti cha mbele nitaweka nini?”

“Nitakaa mwenyewe, mke wangu akiridhia,” akasema mzee. “Lakini nakupa kazi. Simu unayo. Jumapili njoo utupige picha kwetu, mimi na huyu, kwenye nyumba ya kweli. Na usimwambie mtu tulia hapo.”

“Nije na mama?”

Wote wakanigeukia.

“Aje,” nikasema. “Lakini sufuria nashika mimi.”