Siku Dalali Alipojiuzia Friji

Chekeni tu, mtaa mzima wa Msimbazi ulishacheka, lakini mimi nikikumbuka aibu ile mpaka leo damu inanichemka.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mafriji ya Dubai yamejaa Kariakoo, nilikuwa dalali wa mnada mwenye leseni, na masharti ya leseni tuliyajua kwa kichwa: mnada unauendesha mwenyewe, na mali unayoinadi huinunui, ukikiuka unafungiwa. Asubuhi moja nikaamka sauti imekauka kabisa (mafua, si pombe, mke wangu shahidi), na badala ya kuahirisha, nikampa kengele shemeji yangu Sefu, nikamnong'oneza, "Nadi wewe, mimi nitasimama nyuma."

Likaletwa friji la Mama Shani, mama wa watu aliyeshindwa kulipa kodi ya pango, na chochote kitakachozidi deni kilikuwa chake. Sefu, mjinga yule, akaanzia bei ya feni! Hasira zikanipanda, nikapunga mkono asimamishe, naye akadaka, "Mzee wa nyuma kachukua!" Muuza mafriji mmoja akaongeza kidogo, nikapunga kwa nguvu zaidi, Sefu akaniongezea, nikapunga mikono yote miwili, yule muuza mafriji akaona sitaachia, akakata tamaa, kengele ikalia, friji likawa langu kwa bei ya kutupa.

"Huyu si ndiye dalali mwenyewe!" Mama Shani akapiga kelele. "Yaani umemweka shemeji yako akuuzie friji langu bure?"

Nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Ndipo Sefu, mbele ya umati na bwana mmoja wa ofisi ya leseni (alikuja kutafuta pasi ya nguo ya bei rahisi, bahati gani hiyo!), akanitetea kwa sauti yote: "Hapana mama, shemeji alikuwa anachangamsha bei tu!" Jamani, dalali kuchangamsha bei ya mnada wake, yaani kujifanya mnunuzi ili bei ipande, ni kosa kubwa kuliko yote mawili! Nilitamani kumtafuna mzimamzima.

Friji likanadiwa upya na dalali mwingine, Mama Shani akapata haki yake. Mimi nikaitwa kwenye kamati ya nidhamu, koo bado limekauka. Mwenyekiti akasema, "Kama una la kujitetea, nyoosha mkono."

Mikono yangu nikaikalia.

Wakanifungia mwaka mzima. Siku hizi sauti ikikauka mnada naahirisha, liwalo na liwe, na Sefu akinisalimia kwa kunipungia, namwitikia kwa kichwa tu.