Picha Kumi na Mbili za Harusi ya Rukia

Aibu hii ilinigharimu shilingi themanini na tatu na senti hamsini, sinia zima la biriani, na buibui jipya lililoingia madoa ya dawa ambayo hayajatoka hadi leo, na hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, kwa sababu mimi kila kitu hukihesabu mara mbili, chenji, mayai, wageni, hata rakaa (hapo Mungu anisamehe), na ninyi mnaonijua mnajua kwamba wenye maduka wakiniona naingia huvuta pumzi kwanza ndipo wakaitikia salamu. Basi kaeni niwaambie jinsi tabia hiyo hiyo ilivyoniumbua mbele ya wanawake thelathini na kila mpita njia aliyekuwa na macho siku ile.

Ulikuwa mwaka wa pili au wa tatu baada ya Uhuru, na Rukia, binti wa dada yangu Maryam, alikuwa anaolewa na kijana wa Malindi. Harusi ilikuwa kwa dada, mtaa wa Kuze, Mombasa. Mama yetu alikuwa kwangu Kibokoni, ghorofani, kitandani, maana alianguka ngazini akavunjika nyonga, na kumshusha ngazi zile kungekuwa kumvunja ya pili. Sasa Mama, kwa wasiomjua, alikuwa mpambaji. Nusu ya mabibi harusi wa Mji wa Kale walipita mikononi mwake, yeye ndiye aliyewatia wanja na hina na kuwakalisha kitini watazamwe na wanawake wenzao, na yeye ndiye aliyewafundisha kuinamisha macho tangu wanapokaa hadi wanapoinuliwa. Usiku mmoja akaniambia, bila ya kulia, na afadhali angelia:

"Zuhura, nimewapamba wajukuu wa watu mji mzima. Wangu mimi nisimwone kitini?"

Nikajikuta nimesema atamwona, nitamletea picha.

Maneno yenyewe mepesi, lakini mpiga picha ni mwanamume, na siku ya kupamba mwanamume hatii mguu, wanawake wamevua mabuibui, wamefungua vichwa, wamejitia asumini na dhahabu. Kwa hivyo mpiga picha alikuwa awe mimi, na mimi kamera nilikuwa nimeiona shingoni mwa mabaharia tu.

Nikaenda duka moja la Barabara ya Salim, nikaonyeshwa kisanduku cheusi chenye kioo juu, unakishika tumboni ukakiinamia kama anayechungulia sufuria. Mwenye duka alitaka tisini. Nilimwambia kwa tisini nitaoa mimi mwenyewe. Nikakaa hapo tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, nikatoka mara tatu, nikaitwa mara mbili (ya tatu nilirudi mwenyewe, nikisingizia mwavuli), mwisho tukakubaliana sitini na mbili, na filamu moja ya picha kumi na mbili kwa tano na nusu. Akataka kuniuzia na taa ya kumulika, nikamwambia ua wa dada yangu una jua la bure. Akaniuliza kama nataka kufundishwa kuitumia, nikauliza mafunzo ni kiasi gani, akasema bure, basi nikamwambia anifundishe mara mbili. Tulizungumza kila kitu siku ile, bei, ngozi ya mkoba, hata kamba. Jambo moja tu halikunijia, wala halikumjia yeye, na ndilo lililoniua.

Siku ya kupamba, alasiri, ua ulijaa. Nilipotoa kamera shoga mmoja akatengeneza kikuba chake cha asumini, na baada ya hapo sikupata nafasi ya kupumua, kila mtu anataka kuonekana, nikasema haya, shilingi moja anayetaka kuonekana, na shilingi ishirini zikaingia pochini kabla kahawa haijapoa. Nikapiga kumi na moja, watu makundi makundi, wengine wanacheza, wengine wananyoosha mikono bangili zionekane. Ya kumi na mbili nilimwekea Rukia.

Alikuwa kitini, macho chini, ametulia kama alivyofunzwa. Nikamtazama kwenye kioo, kichwa kimekatika. Nikarudi nyuma hatua, miguu imekatika. Nikarudi tena, na tena, macho kwenye kioo, dada Maryam akasema "Zuhura, nyuma yako," nami nikamjibu asinichanganye, nikarudi hatua ya mwisho, nikakaa kitako ndani ya sinia la biriani lililoandaliwa kwa ajili ya watu wa upande wa bwana harusi.

Biriani ilikuwa ya moto. Sikumbuki nilisema nini, na waliosikia wamekubali kutonikumbusha. Na Rukia, ambaye tangu aketi hakuwa ameinua hata kope, aliinua uso wote akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana, na hapo hapo kidole changu kikabonyeza chenyewe, kamera ikalia.

Bi Salma, shangazi yake bwana harusi, mwanamke mrefu wa Malindi mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, alitazama sinia, akanitazama mimi, akatazama kamera mikononi mwangu. Nikadhani atauliza habari ya biriani.

"Na huyo atakayezitoa hizo picha," akasema, "ni mwanamke?"

Nikasikia punje za mchele zikidondoka kutoka nguoni mwangu. Wanawake thelathini na mimi tulikuwa humo, wajanja, wafanyabiashara, mama wa watu, tumemzuia mpiga picha mwanamume mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba picha zikitoka hapo zinakwenda kwa mwanamume chumbani kwake, akaziangalie moja moja, kwa taa.

Mmoja akasema kisanduku kitupwe baharini. Mwingine akasema kizikwe. Mwingine akataka shilingi yake. Mimi nikakikumbatia kisanduku nikasema Mama ananingoja, na nilipomtaja Mama wote walitulia, kwa kuwa wengi wao aliwapamba yeye. Bi Salma akafikiri kisha akakata shauri: picha zitoke, lakini asizione mwanamume, na sisi tutakwenda kuhakikisha. Aliposema sisi nilidhani ni yeye na mimi.

Kesho yake asubuhi tuliingia studio ya Bwana Jivan tukiwa mabuibui thelathini na moja, wengine ndani, waliobaki barabarani, hata mwenye birika la kahawa akaja kuweka kituo, na wapita njia wakawa wanauliza nani amefariki. Bwana Jivan, mzee wa miwani, mzaliwa wa Mombasa mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bi Zuhura," akasema, "filamu naitia dawa ndani ya giza totoro. Hata mkono wangu siuoni, wake wa watu nitawaona wapi?"

"Na ukiwasha taa?" akauliza Bi Salma.

"Nikiwasha taa ndipo kazi ya karatasi."

"Basi usiiwashe wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Aliitia filamu dawa gizani, akaitundika, kisha akatoka kinyumenyume amefumba macho, Bi Salma akimwongoza kwa ncha ya leso asimguse. Tukangoja ikauke. Bei ya chumba na dawa ilikuwa shilingi kumi (alitaka kumi na tano), na karatasi senti hamsini kila moja. Akanishauri ninunue ishirini, maana mwanafunzi huharibu. Nikamwambia mimi siharibu, picha ni kumi na mbili, karatasi kumi na mbili, nikazihesabu, kisha nikazihesabu.

Nikaingia mimi peke yangu. Kuna balbu nyekundu, kuna makarai matatu ya dawa yanayonuka kama siki iliyokasirika, na nje ya pazia kuna sauti ya Bwana Jivan ikinielekeza. Weka filamu juu ya karatasi, weka kioo juu yake, washa taa nyeupe, hesabu kumi, zima, tia karatasi ndani ya karai la kwanza, hesabu sitini, toa. Kazi nyepesi kama kuchemsha mayai. Nikawasha, nikahesabu kumi. Kisha, ninyi mnanijua, nikahesabu tena kuhakikisha kwamba ilikuwa kumi. Nikaona tena ni ufujaji kuzitia dawa moja moja, bora nizimulike zote kumi na moja halafu nizitie pamoja, na ndani ya karai nikahesabu sitini, na sitini ya kuhakikisha. Zikaanza kuwa nyeusi. Nikamuuliza Bwana Jivan, akasema kwenye taa nyekundu kila kitu huonekana cheusi, nisiwe na hofu. Nikawa sina hofu. Nikazipitisha karai la pili na la tatu, nikafungua pazia, nikatoka nazo mikononi zikitiririka maji, kifua mbele.

Zilikuwa nyeusi tii. Si kidogo. Wanawake walinisonga wakazinyang'anyana, wakazigeuza juu chini, na ukitazama sana uliona maua ya asumini yakielea gizani, na meno, na hapa na pale bangili. Basi. Watu wenyewe hawakuwapo. Bwana Jivan alikuwa amegeukia ukuta kwa adabu, mabega yakimtikisika.

"Hesabu yako ilikuwa ngapi?" akauliza ukutani.

Nikasema kumi. Kisha nikasema kumi na kumi.

Bi Salma aliishika moja mbele ya macho kwa muda mrefu. "Haya," akasema, "tumekwisha kustirika. Zuhura kawavika wote mabuibui." Na hapo, mbele ya barabara nzima, wale wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye baraza, yule wa kahawa akacheka bila ya kujua anacheka nini, na mimi nimesimama katikati na buibui langu lenye madoa, natamani wote wafe kisha wafufuke wamesahau.

Lakini dada Maryam hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni, akaniuliza polepole, "Rukia naye?"

Rukia alikuwa bado. Nilimwacha mwisho kwa heshima. Karatasi ilibaki moja, nikazikumbuka zile ishirini nilizoshauriwa, maana nane nilizozikataa Bwana Jivan alikwisha kumuuzia mteja mwingine tulipokuwa tunangoja filamu ikauke, na pakiti ilikuwa ya mwisho hadi mzigo uingie, na Mama alikuwa amekwisha kuoga na kufunga leso safi, amekaa anangoja. Nikasema siwezi. Nikihesabu mimi nitarudia, najijua, ulimi utajirudia wenyewe.

"Wewe usihesabu," akasema Bi Salma. "Wewe washa na uzime. Tutakuhesabia sisi."

Nikaingia. Nikaweka kioo, nikapaza sauti Bismillahi, nikawasha. Nje wakaanza, wanawake thelathini kwa pamoja, moja, mbili, na kufika tano nilisikia sauti za wanaume zimeingia, yule wa kahawa na mabawabu na nani tena sijui, barabara nzima inahesabu, nane, tisa, kumi. Nikazima. Ulimi wangu ulikuwa tayari umesema moja. Nikauuma.

Sitini nayo wakaihesabu, wengine haraka wengine polepole, wakagombana arubaini na ngapi, na ndani ya karai, chini ya ile taa nyekundu, Rukia akaja taratibu, kwanza nyusi, kisha macho, kisha meno yote.

Nilimpelekea Mama ikiwa bado na unyevu. Akaisogeza dirishani. Nilijua anachokitazama, bibi harusi aliyeinua macho, kitu alichokipigania maisha yake yote, na nilikuwa nimejitayarisha kumwambia ni kosa langu.

"Nani kamchekesha kitini?"

Nikamweleza habari ya biriani. Mama akashika nyonga, akafumba macho, akatikisika kitanda kizima bila ya sauti, akaniambia ninyamaze, inamuuma. Kisha akaitazama tena, kitambo.

"Wote niliowapamba walikaa kama wanaongoja kuzikwa," akasema. "Huyu yu hai." Akaitia chini ya mto.

Sasa shida ni hii. Picha Mama haitoi, hata kwa mwenyewe Rukia, ambaye kila basi la Malindi linaloingia Mwembe Tayari linaniletea salamu zake na swali lake, yake iko wapi. Kutoa nyingine yataka karatasi, na karatasi yataka watu wa kunihesabia. Zile shilingi ishirini (hazimo katika hesabu niliyowapa mwanzo, kwa sababu sijazirudisha) zinadaiwa na wanawake ishirini, na humu ndani nawaona watatu wenu, mkitabasamu. Mimi nasema picha zenu mlipigwa, na nyeusi ni rangi. Bi Salma anasema nirudishe, na biriani juu. Kamera ingali imetundikwa nyuma ya mlango na hakuna anayeitaka kwa sitini na mbili. Niiuze kwa hasara nilipe madeni, au ninunue pakiti ya karatasi tuingie tena kwa Bwana Jivan sote? Nishaurini, shoga zangu, lakini kila mtu anishauri mara moja tu.